Nguruwe gani nibakishe kwa mbegu ili chakula kisinimalize? Jibu kwa mfugaji wa Busia

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Busia, upande huu wa Uganda. Nimelifupisha: ana majike manne, chakula anachanganya mwenyewe, pumba za mahindi, soya na mukene (dagaa), na bei ya pumba inampandia kila msimu. Miaka yote watoto anaobakisha kwa mbegu ni wale wanaokula kwa fujo, kwa sababu aliambiwa mlaji ndio mkuaji. Sasa anaona mifuko inaisha haraka kuliko zamani. Anauliza kama inawezekana kuchagua nguruwe wa kula kidogo ambaye bado anakua vizuri, na kama anunue dume la Camborough, nguruwe mweupe chotara, analoletewa kutoka Kampala kwa bei kubwa.

Dada yangu, inawezekana, tena kwa majike manne tu, ila si kwa njia unayotumia sasa. Ukimbakisha mlaji unachagua hamu ya kula, na hamu ya kula inarithiwa kweli, ndo maana mifuko yako inakwenda mbio. Unayemtaka wewe ni mwingine. Chukua nguruwe wawili wa kilo 50, wote wanaongezeka gramu 600 kwa siku, mmoja anakula kilo 1.75 na mwenzake kilo 2.05. Huyo wa kwanza anatumia kama kilo 2.9 za chakula kujenga kilo moja ya mwili, mwenzake kilo 3.4. Ukiwafuga kutoka kilo 15 mpaka kilo 75, tofauti yao inafika karibu kilo 30 za chakula, kwa nguruwe mmoja tu! Zidisha hizo 30 kwa bei ya kilo ya mchanganyiko wako alafu zidisha tena kwa idadi ya nguruwe unaouza kwa mwaka, utaona nasema nini.

Na huyo wa kilo 1.75 kwa macho humjui. Mara nyingi ni mtulivu, anakula anaondoka analala, hagombani kwenye hori. Watu wanamwona mvivu wanamuuza mapema.

Kupima alichokula mnyama ukalinganisha na alichotarajiwa kula kwa uzito wake na ukuaji wake, hiyo hesabu iliandikwa na Robert Koch na wenzake kule Marekani mwaka 1963, wao walikuwa kwenye ng'ombe wa nyama. Baadaye Australia, kwenye kituo cha utafiti cha Trangie, wakatenga ng'ombe wa Angus makundi mawili, kundi la wanaokula pungufu ya matarajio na kundi la wanaozidisha, wakawa wanazalisha kila kundi lenyewe. Kwa nguruwe kazi hiyo hiyo imefanywa na chuo kikuu cha Iowa State na taasisi ya utafiti wa kilimo ya Ufaransa, wote walianza mwanzoni mwa miaka ya 2000 na nguruwe weupe wale wa jamii ya Large White. Vizazi vichache tu makundi yakaachana, watoto wa wanaokula pungufu nao wakawa wanakula pungufu. Kwa nguruwe na ng'ombe tofauti hii inarithiwa kama asilimia 30 hivi, kidogo zaidi au pungufu kutegemea kundi na namna walivyopima. Hiyo si ndogo, linganisha na idadi ya watoto kwa uzao mmoja ambayo inarithiwa kama asilimia 10 tu.

Kwa nini mmoja ale zaidi na asikue zaidi? Nguruwe anayekua anatumia kama theluthi moja ya nguvu ya chakula chake kujiendesha tu, kupumua, kutunza joto la mwili, kutembea, kubomoa na kujenga upya nyama ile ile aliyonayo, kupambana na magonjwa. Hapo nguruwe wanatofautiana sana. Wale wa Iowa wa kundi la kula pungufu walionekana wanatembea tembea kidogo zaidi bandani. Alafu kuna mafuta: kilo ya nyama nyekundu ndani yake sehemu kubwa ni maji, kilo ya mafuta maji yake ni kidogo mno, kwa hiyo kuijenga kilo ya mafuta kunakula chakula kingi zaidi. Nguruwe anayeweka mafuta mengi mapema ni gharama hata kama anaonekana mnene na wa kupendeza.

Sasa angalia jambo moja ambalo naliona karibu kila mahali, Tororo, Mukono, Masaka, na linaniuma. Shule zikifungua karo inatakiwa, mnunuzi wa jointi, wale wauza nyama ya nguruwe ya kuchoma, anakuja, anachagua nani? Yule aliyefikisha kilo 60 kwanza. Yaani yule aliyekua haraka kwa chakula kile kile anaenda kuchinjwa, na anayebaki kuwa mama wa kizazi kijacho ni yule aliyechelewa. Fanya hivyo mwaka baada ya mwaka na utakuwa umechagua mbegu vizuri kabisa, ila kwa kurudi nyuma. Kama hakuna kingine utakachofanya baada ya kusoma hapa, basi weka alama kwenye masikio ya watoto wa kike wazuri wakiwa bado wadogo na uwaambie watu wa nyumbani hao hawauzwi hata karo ikibana, watauzwa wengine.

Kuhusu namna ya kupima, mashamba makubwa Ulaya wana vilishio vya kompyuta, nguruwe ana kihereni cha kielektroniki sikioni, kila akiingiza kichwa mashine inaandika amekula gramu ngapi. Wewe huhitaji hiyo. Kuna njia rahisi na naipenda kwa wafugaji wetu: badala ya kuwaacha wale watakavyo ukahangaika kujua nani kala ngapi, mpe kila mmoja kipimo kile kile na uangalie nani ameongezeka zaidi. Chakula kikiwa sawa, aliyeongezeka zaidi ndiye anayekitumia vizuri, mambo kwisha. Australia waliwahi kuchagua Large White kwa njia hii ya chakula cha kipimo na wakapata nguruwe wasio na mafuta mengi na wanaotumia chakula vizuri.

Fanya hivi. Kwa majike manne, kila jike akizaa mara mbili kwa mwaka na kuachisha watoto wanane hivi, una kama watoto 64, nusu yao wa kike. Wewe kwa mwaka unahitaji mitamba miwili tu, yaani majike wachanga ambao hawajazaa, ya kuingiza. Kwanza toa wenye miguu mibaya, wenye chuchu chini ya 12 zilizo sawa na zisizopinda ndani, na waliowahi kuumwa sana. Kati ya waliobaki chukua sita wanaokaribiana uzito, wakiwa kilo 20 hadi 25. Sio lazima kila mmoja awe na banda lake, tenga vichumba vya mbao vya kulia tu, vyembamba, nguruwe anaingia asubuhi na jioni, anakula peke yake nusu saa, anatoka anarudi kwa wenzake. Chakula pima kwa kopo moja ambalo umelipima kwenye mizani na ukajua linabeba gramu ngapi za mchanganyiko wako, usikisie, kopo la pumba na kopo la soya havilingani uzito. Toa kiasi ambacho wote wanakimaliza bila kubakisha, anzia kama kilo 1.2 kwa siku na upandishe taratibu kila wiki, wote sawa. Wiki nane zinatosha. Wakishatoka vichumbani kusiwe na kitu kingine cha kuokoteza, hata majani ya viazi, maana hapo kipimo kimeharibika.

Mizani ya nguruwe huna, sawa, tumia tepu ya fundi cherehani. Asubuhi kabla hajala, mweke asimame vizuri kichwa kikiwa usawa wa mgongo, mrushie punje chache za mahindi ili atulie. Zungusha tepu kifuani nyuma tu ya miguu ya mbele, ibane kiasi isiingie kwenye ngozi, soma. Alafu pima urefu kutoka katikati ya masikio kufuata mgongo mpaka mwanzo wa mkia. Badilisha kuwa mita. Kifua mara kifua, mara urefu, mara 69.3, hizo ndizo kilo zake. Mfano kifua sentimita 95 na urefu sentimita 95: 0.95 mara 0.95 mara 0.95 mara 69.3 inakuja kama kilo 59. Mtu mmoja ndio apime nguruwe wote mwanzo na mwisho, kwa sababu kila mtu ana mkono wake wa kuvuta tepu, na kosa la sentimita mbili kwenye kifua linakusogeza zaidi ya kilo mbili. Rudia mara tatu kwa kila nguruwe uchukue ya katikati. Andika kwenye daftari, tarehe, namba ya sikio, mama yake, baba yake. Hilo la baba usiruke, nitalirudia.

Mbona sikwambii ugawanye tu chakula kwa kilo alizoongeza uchague mwenye namba ndogo? Kwa nguruwe wa kuchinja hesabu hiyo ni sawa kabisa. Kwa mbegu ina mtego wake. Namba hiyo inawapendelea wanaokua haraka sana na kuwa wakubwa, ukiwabakisha hao kizazi baada ya kizazi unaishia na majike makubwa mno, na jike mkubwa anakula kila siku ya mwaka ili tu abaki hai, hata siku ambazo hanyonyeshi wala hana mimba. Ndio maana nimesema uanze na wenye uzito unaokaribiana na chakula cha kipimo sawa, na ukiona mmoja anazidi wenzake kwa umbo mbali sana usimchukue kwa sababu ya umbo.

Na hapo kwa jike ndipo pesa yako nyingi ilipolala, wafugaji wengi hawapigi hii hesabu. Jike anakula kama tani moja kwa mwaka, weka kilo 2.5 hadi 3 kwa siku. Akiachisha watoto 12 kwa mwaka, kila mtoto amekuja duniani na deni la kilo 83 za chakula cha mama. Akiachisha 20, deni ni kilo 50. Tofauti kilo 33 kwa kila mtoto kabla hata hajaonja pumba! Kwa hiyo jike anayetumia chakula vizuri kwa daftari lakini anaachisha watano watano, huyo hafai, hata binti yake akishinda kwenye vichumba vya kulia. Chagua mitamba kutoka kwa mama walioachisha wengi mara mbili mfululizo, ndio upime chakula ndani ya hao.

Niseme ukweli kuhusu kiasi utakachopata usije ukakata tamaa. Tuseme banda lako wastani ni kilo 3.3 za chakula kwa kilo ya mwili, na umepata wazazi, jike na dume wote, wa 3.0. Wamezidi kwa 0.3, inarithiwa asilimia 30, basi watoto wao wanategemewa kuwa bora kwa 0.09. Kwa kilo 60 za ukuaji hiyo ni kilo 5 na nusu za chakula kwa nguruwe. Ndogo? Kwa nguruwe 60 ni kama kilo 320 kwa mwaka, na haiondoki, mwaka ujao unaanzia hapo unaongeza nyingine juu yake. Angalia kuku wa nyama walikofika kwa mwendo huo huo: chuo kikuu cha Alberta, Kanada, walilea pamoja kuku wa damu ya mwaka 1957, wa 1978 na wa 2005, chakula kile kile, na siku ya 56 wa 1957 alikuwa na gramu 905, wa 1978 gramu 1,808, wa 2005 gramu 4,202, na chakula kwa kila kilo kilishuka sana pia. Chakula hakikubadilika pale, ni uchaguzi wa mbegu tu.

Lakini kuku hao hao walilipa, miguu ikashindwa kubeba mwili, mioyo ikazidiwa, na kuku wao wa kuzalisha mbegu inabidi wapunguziwe chakula ili waweze kutaga. Nguruwe nao wana kisa chao. Pietrain wa Ubelgiji walipendwa kwa nyama nyingi na mafuta kidogo, kumbe wengi wao walibeba jeni ya halothane, kasoro ya kurithiwa kwenye damu, nguruwe akishtuka au akibanwa na joto misuli inakakamaa anakufa, na asipokufa nyama inakuwa nyeupe, laini, yenye maji. Jeni yenyewe ilijulikana mwaka 1991 na tangu hapo inapimwa. Mimi hili silichukulii mbali na sisi, manake nguruwe wetu anafungwa nyuma ya boda saa saba mchana jua kali, mwenye jeni ile hafiki sokoni. Yeyote anayekuuzia dume lenye damu ya Pietrain muulize kama limepimwa halothane, kama hajui anachoulizwa, achana nalo.

Tufike kwenye dume la Camborough sasa. Camborough ni jina la jike chotara wa kampuni ya PIC iliyoanza Uingereza mwaka 1962, msingi wake ni Large White na Landrace, aina nyingine ya nguruwe weupe. Huku kwetu jina limekuwa la kila nguruwe mweupe mrefu. Chotara wa kwanza kweli ana nguvu za ziada kwa sababu damu mbili zimekutana, ila ukizalisha chotara kwa chotara nusu ya nguvu hizo zinapotea kwa watoto. Kwa hiyo dume wa "Camborough" mwenye bei kubwa anaweza asikupe unacholipia. Majike yako kama ni weupe weupe, mimi ningetafuta dume la Duroc, aina ya nguruwe wekundu, ambalo mwenyewe ana rekodi, mama yake aliachisha wangapi, yeye alifika kilo 70 kwa siku ngapi na alilishwa nini. Kama hakuna rekodi hata moja, unalipia rangi ya ngozi.

Hilo la alilishwa nini ni zito. Mbegu nyingi za nje zimechaguliwa kwa mahindi na soya safi kwenye mabanda yenye hewa ya kupozwa. Kwa pumba, machicha ya bia na majani ya viazi, aliyeshinda kule anaweza asishinde kwako. Njia ya kujua ni moja tu, panda majike mawili kwa dume hili na mawili kwa dume lingine, au kwa mbegu za kupandikiza (shahawa za dume zinazoletwa na mtaalamu), katika mwezi mmoja, lisha watoto wote kitu kimoja na upime makundi. Ndo maana nimesema andika baba. Dume anatoa nusu ya damu ya kila mtoto bandani mwako, kosa lake linasambaa kote, na wema wake vile vile. Mbegu za kupandikiza zinakuokoa pia na hatari ya dume la kuzungushwa nyumba kwa nyumba, maana ile homa ya nguruwe ya Afrika haina dawa na dume la kutembezwa ni mlango wake mmoja mkubwa.

Kabla hujaanza kupima chochote, rekebisha hori. Hori la chini lisilo na ukingo linamwaga chakula kila siku, na chakula kilichomwagika kwenye daftari kinasomeka kama kimeliwa, utamlaumu nguruwe bure. Dawa ya minyoo wape wote siku ile ile moja, kabla wiki nane za kupima hazijaanza. Mukene uipepete, ile yenye mchanga inalipiwa kilo lakini hailishi, na mahindi yenye ukungu usiyape kabisa. Vitu hivi vinaficha damu nzuri, nguruwe mwenye minyoo anaonekana mbegu mbaya wakati shida ni minyoo.

Na ukishanunua dume, mtenge mbali na wenzake kama wiki nne kwanza, na umhudumie wa mwisho ukishamaliza wengine, kwa ndara zake za peke yake. Alafu hesabu: mimba ni siku 114, binti zake wanakuwa tayari kupandwa wakiwa na miezi saba au minane, kwa hiyo mwaka mmoja tu tangu aanze kazi anakutana na mabinti zake mwenyewe. Akiwapanda, watoto wanazaliwa dhaifu, wanakufa zaidi, wanaobaki wanakula na hawakui, na kazi yote ya vichumba na tepu imepotea. Tarehe ya kumuuza au kumbadilisha iandike kwenye daftari siku ile ile anapoanza kupanda.